Kiranja Mkuu Niliyejivunia

Mwalimu wa nidhamu shuleni kwetu ni mimi. Tangu serikali ilegeze masharti ya biashara, na mshahara ukawa hautoshi hata sabuni, asubuhi zangu nyingi huwa niko Same mjini nauza tangawizi.

Wanafunzi walimchagua Nakijwa awe kiranja mkuu. Mimi nikamweka Elieza. Msichana, nilisema, hawezi kusimamisha mstari.

Juzi mama mkaguzi alipanda huku milimani. Nikamtembeza kwa maringo: uwanja umefagiwa, mapipa yamejaa maji, watoto wametulia.

“Yote haya kazi ya kiranja wangu,” nikamwambia. “Mwanamume kamili.”

Nikamwamuru Elieza aite mstari. Akaita, hakuna aliyesogea. Akamtazama Nakijwa. Nakijwa akasema neno moja, taratibu, na shule nzima ikajipanga.

“Kiranja mkuu hapa ni nani hasa?” mkaguzi akauliza.

“Ni Nakijwa, mama, tangu tulipomchagua,” Elieza akajibu. Kisha akaniona ninavyotokwa jasho, akaamua kunitetea. “Lakini usimlaumu mwalimu. Hawezi kujua. Saa za mstari huwa yuko Same anauza tangawizi.”