Hina Chini ya Nyayo

Harufu ya hina iliyochanganywa na ndimu imenikuta mlangoni, kwenye nyumba ya harusi huku Temeke, nikasimama kwanza.

Shangazi yangu alikuwa mchora hina. Mie nilikuwa bado mdogo, lakini alikuwa ananiachia miguu ya mabiharusi, na maua yangu yalitambaa mpaka kwenye vifundo bila kukosea. Darasani sasa! Herufi ziligeukageuka kama samaki majini, b ikawa d, d ikawa b. Mwalimu akasema wenzangu wakipanda darasa la pili, mie nitabaki.

"Mtoto anayechora hivi, mjinga kwa lipi?" shangazi akauliza, akanilaza mkekani. Shule walikataza hina mikononi, kwa hiyo akanichora chini ya nyayo: b mguu wa kulia, d wa kushoto, kila moja tumbo lake limetazama nje. Hina ilikuwa ya baridi, ikanitekenya, nikacheka mpaka usingizi ukanichukua.

Kesho yake mwalimu akaniita mbele nisome. Herufi zikaanza kuogelea. Nikakandamiza mguu wa kulia ndani ya kiatu.

"Baba."

Nikakandamiza wa kushoto.

"Dada."

Mwalimu akanitazama, kisha akasema taratibu, "Endelea."

"Nikuchore wapi, dada?" binti mwenye hina ananiuliza sasa.

Navua viatu. "Chini ya nyayo."

"Huko si hakuna atakayeiona?"

Nimeshajilaza mkekani.