Kondoo wa Taya la Elieshi

Waliosema ukitaka uzuri sharti udhurike hawakutaja kunywa uji kwa mrija. Elieshi alikuwa amelijua hilo sasa. Alikaa kitandani, nyumbani kwake mtaa wa Elerai, mito imepangwa mgongoni maana daktari alimkataza kulala chali, bendeji imemzunguka kuanzia kidevuni hadi utosini, na mashavu yameumuka kama maandazi yaliyozidiwa hamira. Na mtu alikwenda kutafuta uso mwembamba! Jamani.

Tatizo lilikuwa taya. Lilikuwa pana, lenye pembe mbili, na tangu anasoma kijijini kwao Akheri wenzake walimwita Kamanda. Akakua, akaolewa, akafungua duka la vitenge, bado wapo wateja waliomwona kwa ubavuni wakamwamkia "shikamoo baba." Basi akaaga kwamba anafuata mzigo Dar, kumbe mzigo alikuwa nao usoni, anakwenda kuupunguza kwa daktari. Aliyejua ni mumewe tu, Sifaeli, fundi saa mpole ambaye hata akikanyagwa na ng'ombe, yeye ndiye anayeomba samahani. Elieshi alimwapisha asimwambie mtu. Hasa Mama.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Elieshi iliishia kwa jirani. Mama Prisca, mwenyekiti wa jumuiya yao ya sala, alipita kumjulia hali msafiri, akakutana na ile bendeji.

"Mama Calvin! Umepatwa na nini?"

"Nimeanguka bafuni," akajibu Elieshi, meno yamebana.

Uongo wote uliojaa duniani, akachagua huo! Mwanamke gani hajui bafu linaloangusha wake za watu ni bafu la namna gani? Mama Prisca alimtazama, kisha akamtazama Sifaeli, ambaye wakati huohuo alikuwa jikoni anaponda barafu ya mkewe kwa nyundo. Akaondoka bila kuaga.

Jumamosi wanajumuiya wakajaa sebuleni. Walikuja na chupa ya mtori wa ndizi, wakaimba pambio moja, wakaomba, halafu hawakuondoka. Katikati yao alikaa Mama Magdalena, mama mzazi wa Elieshi, ameshuka kutoka Akheri na kilemba chake cha kanisani. Sifaeli alipewa kigoda.

"Baba Calvin," alianza Mama Prisca, "kesho unaingizwa kazini kuwa mzee wa kanisa. Mzee gani anayempasua mkewe uso?"

Sifaeli akatazama mikono yake. Uzee huo aliutamani kwa miaka, na suti ilikuwa tayari mlangoni kwenye henga. Akainua macho kwa mkewe, aliyesimama kwenye mlango wa chumbani. Elieshi akamkazia macho: nyamaza. Naye akanyamaza, maana aliapa.

"Nilikupa mtoto mzima," alisema Mama Magdalena. "Leo anarudi nyumbani na mimi. Utamfuata na kondoo, uombe radhi mbele ya wajomba zake. Na uzee wa kanisa usahau."

"Sawa, Mama," akasema Sifaeli. "Kondoo nitamleta."

Hapo moyo wa Elieshi ukashindwa. Mwanamume huyu angekwenda kupiga magoti kwa kosa ambalo hakulifanya!

"Hajanigusa!" akapayuka. "Nimechongwa taya! Nimetaka mwenyewe!"

"Maskini, anamtetea," wakasema akina mama, wakitikisa vichwa. "Ndivyo tulivyo."

Elieshi akachomoa simu, akafungua picha ya eksirei aliyopewa na daktari, taya lote jeupe na mistari myekundu ya mahali pa kukata. Simu ikazunguka mkono kwa mkono. Kila aliyeitazama alimgeukia Mama Magdalena, kisha akatazama chini haraka. Taya lile la kwenye picha lilikuwa limeketi palepale sebuleni, pana, pembe zake mbili, limefungiwa kilemba.

Mama akaishika simu mbali na macho, kama wafanyavyo wazee.

"Kwa hiyo si bafu."

"Si bafu, Mama."

"Na hili walilolikata..." Akajishika taya lake taratibu. "Mimi nililipata kwa bibi yako. Lilikukosea nini?"

Machozi ya Elieshi yakaingia kwenye bendeji, na aibu ikamuuma kuliko mshono. Mama Prisca alimwomba Sifaeli msamaha, na Sifaeli, kwa mazoea, akamwomba yeye pia. Mama Magdalena akainuka, akauchuja mtori mpaka ukawa laini, akaupoza, akatia mrija.

"Kunywa."

Elieshi akanywa. Mama akamfuta kidevu kwa ncha ya khanga, kisha akawageukia wageni.

"Kondoo yuko palepale," akasema. "Ila atamleta huyu binti yangu, aniombe radhi mimi. Na amchague mwenye taya pana."