Baiskeli Ambayo Sikuiandika

Mpaka leo nikisikia mwanamume anakohoa kidogo kabla ya kuzungumza, damu inanichemka. Ndivyo alivyoanza kila sentensi yule bwana wa zamu ya Jumanne.

Duka letu la baiskeli kuukuu lilikuwa nyuma ya soko la Majengo, kwenye ghala lililowahi kuwekwa alizeti. Watu walituletea baiskeli wasizozihitaji tena, sisi tukazitengeneza na kuziuza, na kilichopatikana kikanunua fimbo nyeupe na karatasi za nukta nundu za watoto wasioona wanaosoma shule ya Buigiri. Hakuna aliyelipwa hata nauli. Ungedhani watu wa kujitolea wanapendana. Labda kwingine.

Zamu ya Jumamosi ilikuwa yangu. Nilistaafu uuguzi, lakini ufundi nilifundishwa na marehemu baba kwenye kibanda chake Kondoa, na gurudumu lililopinda nalinyoosha huku nikipiga soga. Yule bwana wa Jumanne alikuwa ofisa mstaafu wa mtaa wa Area D, mwenye shati jeupe lisilojua grisi. Hatukuiva chungu kimoja tangu siku ya kwanza. Mimi nilificha spana zangu chini ya magunia, naye akaifungia pampu kwa kufuli.

Kisha akaleta daftari. Kila baiskeli inayoingia iandikwe: ni ya sadaka, au ni ya mteja anayesubiri matengenezo. Za sadaka zilifumuliwa siku hiyohiyo, pedali kwenye ndoo ya pedali, cheni kwenye ndoo ya cheni, nasi tukaunganisha nyingine kutoka humo. Isiyoandikwa ilihesabiwa sadaka. Lilikuwa wazo zuri, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Niliandika Jumamosi moja tu. Wiki iliyofuata nikakuta kalamu nyekundu pembeni ya maneno yangu: "Mwandiko wa hospitali." Nikaapa sitaligusa tena.

Ndipo akaja mzee mmoja wa Kigogo, anaikokota baiskeli nyeusi iliyopasuka fremu. Tulisalimiana. Nyuma, juu ya keria, alikuwa amefunga kiti cha mbao chenye egemeo, na chini yake vyuma viwili vya kukanyagia vilivyoviringishiwa mpira wa tyubu.

"Kiti cha nani hiki, mzee?"

"Cha mjukuu wangu. Haoni. Shule ikifunga namfuata, ikifungua namrudisha. Kwetu gari halifiki, mwanangu, na mguu wake mmoja haumpeleki mbali."

Shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu, siku tisa baadaye. Umeme ulikuwa umekatika, nisingeweza kuchomelea, nikamwambia arudi Jumamosi ijayo. Daftari lilikuwa wazi mezani. Nililitazama, nikalifunga. Sikusahau, wala sikuwa na haraka. Nilitaka yule bwana aikute Jumanne, achanganyikiwe, anipigie simu kuniomba maelezo.

Hakupiga. Aliifumua.

Jumamosi nilipofika, ukuta nilipoiegemeza ulikuwa mtupu. Fremu, keria pamoja na kiti kilichofungwa juu yake, na vile vyuma vilikwishachukuliwa na mnunuzi wa vyuma chakavu. Nilimpigia simu yule bwana na kumfokea mpaka wauza mahindi wa jirani wakanyamaza. Alipofika na shati lake, mzee naye alikuwa ameshashuka kwenye lori la mtama, na safari hii amemleta mjukuu, binti wa miaka kama tisa.

"Dada yangu," yule bwana akakohoa, "haikuandikwa."

"Kwani wewe huna macho?"

Nilisema hivyo mbele ya yule mtoto.

Nilitoa baiskeli bora kuliko zote dukani, nikaifungia kwa haraka kiti cha mbao za kasha la zabibu. Mzee alimpandisha mjukuu wake. Mtoto alikipapasa kiti, akashusha mguu wake dhaifu kutafuta pa kukanyaga, akautafuta tena, mguu ukaning'inia.

"Siyo yetu, babu," akasema. "Hapa nitaanguka."

Mzee aliniangalia. Ni mimi niliyeipokea baiskeli yake, mimi niliyemwambia arudi. "Nani ameiharibu ile yetu?" akauliza, taratibu tu.

Nikanyoosha kidole kuelekea lile shati jeupe.

"Nani, bibi?" akauliza mtoto. Kidole changu hakikumfikia. Alikuwa ameinua uso anasubiri, ikanibidi niutamke uongo wangu kwa mdomo, neno kwa neno.

"Ni huyu babu wa zamu ya Jumanne."

Nilisubiri yule bwana aseme lile daftari lilifungwa na nani. Lilikuwa pale mezani, ukurasa wa Jumamosi mweupe kabisa, na alikuwa na haki ya kuninyooshea kidole mbele ya kila mtu. Akakohoa. Mtoto akageukia kile kikohozi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nisamehe. Nimekosa mimi."

Akakunja mikono ya shati lake, akapiga magoti kwenye grisi, akaniomba spana. Nilizitoa chini ya magunia, nikampa. Tulifunga vyuma vingine vya kukanyagia pamoja, mtoto akituelekeza kwa mguu wake: juu kidogo, chini kidogo. Yule bwana alikuwa ameomba msamaha uliokuwa wangu, na nilimchukia kwa hilo kuliko nilivyowahi kuichukia kalamu yake nyekundu.