Tepe Fupi Mia na Ishirini

Mama yangu hajawahi kupanda ndege, hata ya abiria, lakini kwa miaka kumi na tisa hakuna ndege ya vita iliyoruka kambini kwetu bila kubeba kitu alichokishona yeye. Alikuwa fundi cherehani. Chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya stoo ya miamvuli ya kurukia kutoka angani: dirisha moja, cherehani mbili nzito, na ukutani kalenda ya miaka iliyopita ambayo alikataa katakata kuitoa kwa sababu ilificha ufa. Humo alishona vifuniko vya viti, akatia viraka miamvuli ya marubani, na zaidi ya yote alishona tepe nyekundu. Ndiyo maana kambi nzima ilimwita Mama Tepe.

Nieleze kidogo. Bomu likining'inizwa chini ya bawa huchomekwa pini ya usalama, lisije likalipukia watu mikononi. Pini yenyewe ni ndogo, rahisi kusahaulika, kwa hiyo hufungwa utepe mwekundu unaoonekana kwa mbali. Kabla ndege haijaondoka, fundi silaha huzichomoa pini zote na kumwonyesha rubani zile tepe mkononi. Bomu moja, utepe mmoja mfupi. Matangi ya ziada ya mafuta, yale ya safari za mbali, nayo yana pini zake, ila utepe wake ni mrefu. Kwa hesabu ya tepe tu mama alizijua habari za kambi kuliko baadhi ya maofisa. Hakumwambia mtu. Aliapishwa siku ya kuajiriwa, naye hakuwa mtu wa kucheza na kiapo.

Mara moja kwa mwaka geti lilifunguliwa kwa raia. Ndege moja iliegeshwa katikati ya uwanja, na mbele yake wakapanga chini kila kitu inachoweza kubeba: mabomu makubwa mstari wa nyuma, madogo mbele, makombora pembeni, risasi za mzinga zimelazwa mkanda mrefu. Kipaza sauti kilinguruma: "Tani saba! Ndege moja, tani saba!" Watu walipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Hata mimi nilipiga. Mama mdogo, mdogo wa pekee wa mama, alikuja na wanawe watatu kutoka ng'ambo ya mto, safari ya saa tatu kwa basi. Mwaka mmoja nilimwona mama ameinama mbele ya bomu kubwa kuliko yote, uso ameukunja, nikadhani ameingiwa na huruma.

"Pindo la utepe huu limekwenda upande," akaniambia. "Nani aliutoa stoo?"

"Dada, hivi kweli zinaruka na mzigo wote huu?" mama mdogo akauliza.

"Thubutu! Haya ni maonyesho. Ikibeba yote haina pa kutundika matangi, haifiki mbali. Siku za kazi ni mabomu manne na matangi mawili, basi."

Niliyasikia hayo vizuri. Yakaingia sikio hili, yakatokea la pili.

Mwaka wa mtihani wangu wa mwisho wa sekondari, vita vilikuwa vimekwisha anza, lakini huko mbali mpakani, na oda za mama zilikuwa zile zile: fupi nne, ndefu mbili kwa kila ndege. Kisha waasi wakateremka hadi vilima vya ng'ambo ya mto. Mama mdogo alitueleza kwa simu kwamba wanapita pale kijijini, wananunua sabuni na betri, hawana neno na mtu.

Jumanne moja ikaletwa oda mpya: tepe fupi mia na ishirini. Ndefu, hata moja. Kambi ilikuwa na ndege kumi. Mama hakuhitaji kuelezwa. Kumi na mbili kila ndege, mzigo wa maonyesho, bila tangi la ziada. Walikuwa wanakwenda karibu, na karibu hapakuwa na vita pengine ila kwenye vile vilima.

Hayo nimekuja kuyajua baadaye. Jumatano mchana nilichokiona ni mama anaingia nyumbani akihema, hataki hata kukaa.

"Mpigie mama yako mdogo. Mwambie naumwa sana, aje. Aje na watoto."

"Unaumwa nini?"

"Naumwa, nimekwambia!"

"Si umpigie mwenyewe?"

"Kwa sauti hii? Mgonjwa gani ana sauti ya king'ora?"

Hapo alisema kweli, cherehani zilimzoesha kupayuka. Ambalo hakulisema ni kwamba simu za nyumba za kambi zilisikilizwa, na karani mmoja alikuwa amewekwa ndani tangu wiki iliyotangulia kwa neno moja tu alilolisema kwenye simu. King'ora chenyewe cha kurudi kazini kikalia, akatoka mbio. Akiwa mlangoni akageuka: "Na watoto, umesikia?"

Nilisikia. Nikabaki na simu mkononi na hasira kifuani. Vyumba viwili, mtihani wiki mbili mbele, halafu niletewe watoto watatu! Safari iliyopita yule wa mwisho, tuliyemwita Bonge, alinichorea ndege kwenye daftari zima la kemia, kila ukurasa mabomu yanamwagika. Nikapiga. Nikasema mama hali mbaya, hata maji hayapiti, uje upesi. Nilijiona fundi wa uongo. Watoto sikuwataja.

Mama mdogo alifika Ijumaa asubuhi, ana begi moja begani. Mama alikuwa ameomba ruhusa ya ugonjwa na alitakiwa awe kitandani, lakini aliposikia mlango alitoka mbio.

"Watoto wako wapi?"

"Nimewaacha na bibi yao. Mtu unakuja kuuguza, utakuja na kelele? Na wewe, dada, mbona umesimama?"

Mama akanitazama. Mara moja tu. Kisha vioo vya madirisha vikaanza kutetemeka. Ndege zilikuwa zinaondoka mbili mbili, na hata mimi nilisikia kwamba leo zinajikokota kunyanyuka. Zilikuwa nzito. Mama alimpokonya mdogo wake simu, akapiga kijijini.

"Tokeni nyumbani! Sasa hivi! Mchukueni bibi, kimbilieni kalavati la barabarani!"

Majirani wote walimsikia. Mama mdogo alikuwa amemshika mkono, anauliza kuna nini, kuna nini.

Wale wakubwa wawili walifika kalavati. Bibi hakuwa mtu wa kukimbia, na Bonge alirudi kumshika mkono.

Mama alihojiwa siku nne, akafukuzwa kazi, tukahama kambi. Alipata kibaraza cha duka sokoni akawa anashona sare za shule. Kitambaa chekundu kikija anakishona kama vingine, yeye si mtu wa maigizo. Baada ya mazishi mama mdogo alikuja mara moja, hakuweka hata begi chini.

"Ulijua. Kwa nini hukuniambia nije na watoto?"

Mimi nilikuwa nyuma yake, nimefungua mdomo. Mama akaniwahi.

"Nilisahau."

"Ulisahau?"

"Nilisahau, mdogo wangu. Nisamehe."

Hakusamehewa. Ni miaka kumi na moja sasa. Niliwahi kumwambia mama kwamba nitakwenda kusema ukweli, akaniuliza nitampa nini mama mdogo kwa ukweli huo. "Mimi akinichukia, bado ni dada yake," alisema. "Wewe akikuchukia, atakuwa amepoteza mtoto mwingine." Sikwenda. Nilijidanganya kwamba namtii mama. Nilikuwa naogopa tu.

Wiki hii mama anaumwa kweli. Jana mchana alinivuta mkono nikainama, maana sasa ananong'ona.

"Mpigie mdogo wangu. Mwambie naumwa, aje na watoto." Akajaribu kucheka. "Safari hii sauti ninayo ya mgonjwa."

Nilitoka na simu hadi kibarazani. Iliita sana kabla hajapokea.

"Mama mdogo, shikamoo. Mama anaumwa. Anasema uje na watoto."

Akasema polepole, "Leo amekumbuka."

"Hata siku ile alikumbuka," nikasema. "Aliniambia mara mbili. Mimi ndiye sikukwambia."

Hakukata simu. Nilimsikia akivuta kiti, akikaa. Akaniuliza, "Mara mbili?"