Kifungu cha Tisa

Harufu ya wino wa muhuri hunirudisha kwetu Mwala hadi leo. Karani yeyote akifungua kile kikopo cha wino wa zambarau, naiona meza yetu ya chakula imejaa karatasi, na Mwaitu, ndivyo tulivyomwita mama, ameinama akiandika katiba ya shirika lake.

Lilikuwa shirika dogo la kusaidia watoto viziwi: kituo cha madarasa mawili ya mabati na kamati ya watu saba. Mama alikuwa mwanzilishi na mwenyekiti. Alitusomea vifungu tukichambua mbaazi, kana kwamba ni hadithi. Alichokipenda zaidi ni cha tisa: mzazi mwenye mtoto katika kituo asiwe mwenyekiti, asije akampendelea wake. "Sheria ni msumeno," alizoea kusema, "hukata mbele na nyuma."

Nilipokuwa na miaka kumi, mdogo wangu Mutua aliugua homa ya uti wa mgongo. Alipona, lakini tukimwita hageuki. Nilishinda nikigonga sufuria nyuma ya kichwa chake, mpaka Mama akaninyang'anya mwiko.

Kituo kingine hakikuwepo karibu. Kamati ikaitwa Jumamosi, nami nikapeleka chai. Mwalimu Kioko, katibu, alisoma kifungu cha tisa polepole, macho hayabanduki kwenye karatasi. Wenzake wakambembeleza Mama wakibadilishe tu. Mzee Abdi, aliyeuza mbuzi sokoni, alisema yuko tayari kuinua mikono yote miwili.

"Mkikibadilisha kwa ajili yangu," Mama alisema, "kitabaki kumzuia nani?"

Akamsukumia Kioko muhuri.

Mwenyekiti waliyemchagua baadaye alikuwa mtu mpole, asiyependa kusumbua watu. Vikao vikawa vinaahirishwa kwa kuwa akidi haikutimia. Mwalimu wa lugha ya ishara akahama, asitafutwe mwingine. Mama alikaa kwenye benchi la wazazi, nje, akitazama. Aliandika barua, barua ilihitaji kikao, na kikao hakikukaa. Mutua alikuwa amejua ishara kama ishirini hivi madarasa yalipofungwa. Nyingine tulijitungia wenyewe jikoni, na mpaka sasa hakuna anayezielewa isipokuwa sisi watatu.

Nilimkasirikia Mama miaka mingi. Siku moja nilimuuliza, "Mwaitu, kwani si ungekataa tu kutoka?" Aliendelea kupepeta mahindi kama hakunisikia, nami nikadhani hakuumia.

Juzijuzi nimechaguliwa kwenye kamati ya shule ya mtaa wetu. Tunaketi watano, tunawangoja wengine, tunaangalia saa, tunaenda nyumbani. Ndipo nilipomwelewa. Alijua kuandika kifungu cha kumwondoa mwenyekiti, hata akiwa ni yeye mwenyewe. Cha kumfanya mtu ajali, alikitafuta akiwa kwenye lile benchi mwaka mzima, na hakuna mahali kilipoandikwa.