Ndala Nyekundu Chini ya Ubao

Jamani wasomaji, nichekeni lakini msinitangaze. Mimi ni mpishi katika hoteli ndogo hapa Moshi. Siku hizi wazungu wa kupanda mlima wamekuwa wengi, basi tajiri wetu akajenga choo kimoja cha wanawake na wanaume, vyumba vimetenganishwa kwa mbao zisizofika sakafuni. "Ulaya ndivyo walivyo," akatuambia.

Juzi nimekaa humo kwa raha zangu, nikasikia mtu anaingia chumba cha pili. Akakohoa. Kikohozi kile nakijua! Ni baba mkwe wangu, kateremka kutoka Rombo kutuletea ndizi hapa hotelini. Kule nyumbani nikimwona tu anaelekea chooni, mimi, mke wa mwanawe, hukimbilia kwenye migomba kujificha kwa heshima. Leo tumetenganishwa na ubao.

Na miguuni nimevaa ndala nyekundu alizoninunulia yeye mwenyewe Krismasi. Nikainua miguu haraka, nikachuchumaa juu ya choo kama kuku anayeatamia. Na mwili wenyewe ndio huu wa mpishi! Nikayumba, ndala moja ikachomoka, ikateleza mpaka kwake.

Kisha nikaona ncha ya fimbo yake ikiisukuma ndala taratibu, kuirudisha kwangu.

Ningenyamaza, yangeishia hapo. Lakini mdomo wangu umelelewa vizuri mno.

"Ahsante, baba. Shikamoo."

"Marahaba, mama," akajibu kwa upole. "Vaa, sakafu ina baridi."