Wa Kutupa

Mimi shule niliishia darasa la tatu, na sioni haya kusema. Karakana yangu ya kuchomelea pale Ngarenaro niliijenga kwa mikono hii, geti moja baada ya jingine. Ruksa ya biashara huria ilipokuja na kila mwenye nyumba akataka grili madirishani, ni mimi niliyewafungia wezi nje. Kwa hiyo anayedhani nina hasira kwa sababu dunia imenipita, aache kusoma hapa hapa. Nina hasira kwa sababu nina haki nayo.

Fundi mwenzangu alikuwa Mchaga, mtu wa kanisani, mwenye nyumba Usa River. Nilimwita Meku, kama kwao wanavyomwita mzee. Vita ya Uganda tulikwenda pamoja, mgambo wote wawili, platuni moja. Mimi nilirudi mzima. Yeye mguu wa kushoto aliuacha ng'ambo ya Kagera, juu ya bomu lililofukiwa barabarani. Alifanya kazi ameketi kwenye stuli, gongo limeegemea ukuta, na sikuwahi kumsikia akiomba huruma ya mtu.

Mlango wa pili akahamia mfanyabiashara mmoja, Mchaga naye, lakini wa kuzaliwa mjini. Alileta kompyuta za mtumba, akazipanga chumbani, watu wakawa wanalipa kucheza gemu. Iliyogombaniwa kuliko zote ilikuwa gemu ya vita. Siyo ile ya kukimbia na bunduki. Ya kupanga.

Siku moja alitufuata mwenyewe. "Wazee wangu, acheni hayo machuma kidogo. Njooni mwone vita inavyopigwa siku hizi."

Meku akacheka. "Haya, twende tukafundishwe."

Nikubali, ni kitu cha kupendeza. Unaiangalia nchi kutoka juu kama mwewe: vilima, mto, askari wadogo kama siafu. Unakata miti, unachimba dhahabu, unajenga kambi, na askari wanatoka mlangoni wakiwa watu wazima tayari, hawana mama. Michezo ya akili siikatai. Kwetu Oldonyo Sambu tunacheza bao letu, kete tunaziita ng'ombe, tunaporana mchana kutwa, jioni tunainuka tukitaniana. Lakini kete tunaziita ng'ombe. Hatujawahi kuziita watu.

Yule bwana akasukuma askari kadhaa mbele, peke yao, kuelekea ngome ya adui. Wakafa wote.

"Umekosea?" nikamuuliza.

"Sijakosea, mzee. Nilitaka kujua mizinga yake iko wapi. Hao walikuwa wa kutupa."

Meku akasogea karibu na kioo. "Maiti zao ziko wapi?"

"Zinafutika. Zikibaki zinajaza nafasi." Akageuka, akautazama ule mguu wa suruali uliokunjwa. "Na wewe mzee, ilikuwaje?"

Meku akamweleza kwa ufupi, kama alivyowaeleza wengi. Malori yalikuwa nyuma, barabara haijulikani, platuni yetu ikaambiwa itangulie kwa miguu.

Yule bwana akapiga meza kwa furaha. "Si ndiyo hiyo! Basi nyie ndio mlikuwa wa kutupa!"

Chumba kizima kikacheka. Watu wazima, wamevaa mashati ya kupiga pasi.

Nilitaka kumpiga, nasema kweli. Meku akanishika mkono, akachukua gongo lake, akatoka. Kesho yake hakuja kazini. Wala keshokutwa.

Nilimfuata Usa River. Nilimkuta ameketi uani, redio imezimwa. Hakunikaribisha chai, jambo ambalo kwa Mchaga ni sawa na kufunga mlango. "Nimebeba jambo hili miaka yote nikijua nilitangulizwa kwa sababu naaminika," akasema. "Sasa niambie wewe uliyekuwepo. Tulitupwa?"

Nikamwambia ningemjibu nikishamalizana na mtu mmoja kwanza. Nilikuwa na hasira, na mwenye hasira asiseme neno zito.

Nikarudi mjini, nikaingia kwenye kile chumba cha kompyuta. "Wewe ni Mchaga au umeandikwa tu kwenye cheti? Nenda kwa mama yako ukamuulize: mtu akitukana kiungo cha mzee, anafanya nini?"

Mama yake alimwambia, maana kwao kila mtu anajua. Unachuma jani la isale, unampelekea uliyemkosea kwa mkono wako, na akiletewa isale hawezi kukataa kusamehe. Ndiyo mila.

Na yeye akafanya nini? Akamtuma mama anayefagia chumba chake. Jani kalitia kwenye mfuko wa plastiki, yule mama akapanda gari mpaka Usa River, bwana mkubwa akabaki kwenye kiti akiendelea kucheza. Alijua kwamba isale haikataliwi, akaona hiyo inatosha kushinda. Hata msamaha kauendea kwa mtu wa kutupa!

Nilikuwepo jani lilipofika. Nikasema, "Mrudishie! Mila haimlazimishi mtu kupokea mfuko."

Meku akavuta kiti. Alimkalisha yule mama, akaagiza chai iletwe, akalipokea jani kwa mikono miwili. "Mama, wewe ndiye uliyetembea," akamwambia. "Amani yangu ni yako. Yeye mwambie bado hajafika."

Yule mama alipoondoka, Meku akaniangalia, anasubiri jibu la swali lake. Nikamjibu. "Kamanda wetu wa platuni alikuwa mbele yangu siku ile. Mgongo wake nilikuwa nauona. Bomu lilipolipuka alirudi kwa barabara ile ile, hajui kama kuna jingine, akakubeba. Mtu wa hivyo hajakutupa."

"Na waliomtuma yeye?"

"Hao sikuwaona."

Akaligeuza lile jani mkononi. Kisha akasema, "Inatosha yule uliyemwona." Jumatatu alikuja kazini, akauliza geti la nani limechelewa.

Yeye ilimtosha. Mimi hainitoshi. Yule bwana mpaka leo hajafika Usa River kwa miguu yake, na naambiwa anasifiwa mjini kwamba ana akili za kijeshi. Akili za kijeshi! Hajawahi kunusa nyama ya rafiki yake ikiungua, hajawahi kumtazama usoni mtu anayemwambia "tangulia". Acheze, ni pesa yake. Lakini asiiite vita mbele yangu.